Ngoma ya Buibui: Historia ya Hofu na Tiba Zake

Miongoni mwa viumbe wanaoogopwa kupita kiasi cha madhara yao, buibui ana cheo cha pekee, kwa kuwa aghalabu hajamdhuru mwenye kumwogopa, wala wazazi wake, wala jirani zake, na bado mtu mzima mwenye akili timamu, aliyekwisha kuvuka bahari katika kaskazi kali bila ya kubadilika uso, huruka kitandani na kuita watu kwa kumwona mmoja amejibandika juu ya chandarua. Kwa Waislamu wa pwani yetu jambo hili lastaajabisha zaidi, maana kiumbe huyu ana sura nzima ya Kurani yenye jina lake, nayo ni ya 29, na hikaya inayosimuliwa madrasani yasema kuwa ndiye aliyetanda utando mlangoni mwa pango la Thawr katika mwaka 622, Mtume na sahibu yake Abubakari wakiwa ndani na maadui wakiwa nje, hata wale maadui wakadhani kuwa pango halijaingiwa na mtu, wakaenda zao. Kwa ajili ya fadhila hiyo watoto wengi hukatazwa kumwua, nao hutii. Lakini hutii wakiwa wamesimama mbali.

Nchi ambayo hofu hii ilijengewa desturi kamili, yenye majira yake, mafundi wake na gharama zake, ni Puglia, kusini mashariki mwa Italia, ambako mji wa Taranto ulimpa jina lake buibui aitwaye tarantula. Huyo ni buibui mkubwa wa shimoni, asiyetega utando bali huvizia na kurukia, na jike lake huburura mfuko wa mayai nyuma ya tumbo hadi watoto waanguliwe, kisha huwabeba wote mgongoni, wamerundikana kama abiria juu ya chombo kisicho na nafasi. Akiuma, maumivu yake hayapiti sana yale ya nyuki. Lakini katika mashamba yale yale ya ngano, chini ya mabua yaliyokatwa, huishi mwingine aliye mdogo, mweusi mwenye madoa mekundu, ambaye sumu yake hukaza misuli, hukakamaza tumbo, humtoa mtu jasho jingi na kumjaza wahaka moyoni. Wavunaji wa mwezi wa Juni, wengi wao wanawake maskini, walikuwa wakiinama mikono mitupu juu ya mabua hayo. Na ni rahisi kukisia kuwa yule mkubwa, kwa vile alionekana, alibebeshwa lawama ya mdogo aliyejificha.

Aliyeumwa, au aliyeamini kuwa ameumwa, hakupelekwa kwa tabibu kwanza bali aliitiwa wapigaji. Shuka jeupe lilitandikwa sakafuni, mgonjwa akalazwa juu yake, na fidla, matari na kinanda cha mkono vikaanza kujaribu pigo moja baada ya jingine, kwa itikadi kuwa kila buibui ana wimbo wake na rangi yake, na kwamba mgonjwa hataitika mpaka auguswe na ule uliomhusu. Utepe mwekundu ukioneshwa bila ya jawabu, ulioneshwa wa kijani, au wa manjano. Pigo likipatikana, mgonjwa alianza kutambaa chali, akijisukuma kwa visigino, yeye mwenyewe akiwa buibui. Baadaye husimama, akazunguka mbio akikanyaga chini kwa nguvu, sasa akiwa mwenye kumponda buibui. Kisha huanguka, hupumzika, na huanza tena, pengine kwa siku kadhaa. Msomaji aliyepata kuona ngoma ya pepo Unguja au Mombasa hahitaji kufasiriwa zaidi, maana huko nako fundi hubadili nyimbo hadi pepo apande, akaulizwa jina lake, kabila lake na nguo aitakayo. Wapigaji walilipwa, na jamaa waliingia katika deni ambalo huenda lilidumu kuliko ugonjwa. Ifikapo tarehe 29 Juni, sikukuu ya Mitume Petro na Paulo, wagonjwa walikwenda Galatina, katika kanisa dogo la Mtakatifu Paulo, kushukuru au kuomba. Yeye ndiye mlinzi wao, kwa kuwa yasimuliwa katika Matendo ya Mitume kwamba aliumwa na nyoka kisiwani Malta asipate dhara.

Wanavyuoni hawakukaa kimya. Athanasius Kircher, kasisi Mjesuti, alichapisha noti za nyimbo hizo katika mwaka 1641, akisadiki kuwa muziki huitoa sumu mwilini. Giorgio Baglivi, tabibu wa Roma, aliandika risala juu ya maudhui hayo mwishoni mwa karne ya 17. Katika mwaka 1742 Francesco Serao wa Napoli akaandika kitabu cha kupinga, hoja yake kubwa ikiwa kwamba kisa hakimo katika buibui bali katika tabia ya watu wenyewe. Kwa kadiri kubwa alikuwa na haki, wala haikusaidia kitu: zaidi ya miaka 200 baada yake, katika mwaka 1959, Ernesto De Martino, mchunguzi wa mila, alipofika huko pamoja na daktari wa akili, mtaalamu wa muziki na mpiga picha, aliwakuta wanawake wangali wakicheza, na kinyozi wa Nardò, Luigi Stifani, angali akiwapigia fidla. De Martino aligundua kwamba wengi wao hawakuwa wameumwa na kitu, kwamba maradhi yalirejea kila mwaka katika msimu ule ule, na kwamba nyuma ya buibui kulikuwa na mahari iliyokosekana, mchumba aliyekataliwa, msiba usioliliwa. Kitabu chake kilitoka mwaka 1961. Kwa maoni yangu wapigaji wale, pamoja na ujinga wao wa elimu ya sumu, walijua jambo moja ambalo Serao hakulijua, nalo ni kuwa hofu haishindwi kwa hujja; hutaka ikaribiwe, kwa mwili, mbele ya watu.

Jambo hilo hilo lilipatikana kwa njia nyingine kabisa New York, katika mwaka 1924, na Mary Cover Jones, bibi kijana aliyechunguza hofu za watoto wadogo. Alijaribu kuwasemesha kwa upole juu ya kile walichokiogopa: haikufaa. Alijaribu kuwaacha tu muda upite: haikufaa. Kejeli za watoto wenzao hazikumponya mtu. Kisha akamchukua mtoto aitwaye Peter, asiyefika miaka mitatu, mwenye kuogopa sungura hata pamba na manyoya, akamketisha ale chakula akipendacho, ilhali sungura amewekwa tunduni mwisho wa chumba. Na kila siku tundu likasogezwa kiasi ambacho hakikumkatiza mtoto kula. Katikati ya kazi Peter aliugua homa, na siku ya kutoka hospitali akarukiwa na mbwa mkubwa, hofu yake ikarudi yote, ikabidi kuanza upya. Mwishowe alimpakata sungura, akamwachia amng'atang'ate vidole.

Baadaye Joseph Wolpe, aliyekuwa daktari wa jeshi Afrika Kusini, alichoshwa na dawa zisizowaponya askari waliorudi vitani na hofu zao, akaanza majaribio yake kwa paka mjini Johannesburg, akiwalisha hatua kwa hatua karibu na mahali walipotishwa. Kwa wanadamu alitumia utulivu wa misuli badala ya chakula: mgonjwa huandika vitisho vyake kuanzia kilicho hafifu, tuseme neno tu, hadi kilicho kikubwa, buibui mkononi, naye huvitafakari kimoja kimoja akiwa ametulia, asivuke kimoja kabla hakijapoa. Kitabu chake cha mwaka 1958 kilienea duniani.

Waliomfuata waliona kuwa kutafakari ni kuzuri, lakini buibui mwenyewe ni bora. Lars-Göran Öst wa Sweden alieleza katika mwaka 1989 tiba ya kikao kimoja, kisichozidi saa tatu. Mgonjwa huulizwa kwanza anatabiri nini. Wengi husema buibui atawarukia usoni, au atapenya chini ya nguo. Bakuli huletwa, na mganga humshika buibui yeye kwanza, mgonjwa akitazama. Kisha mgonjwa hujifunza kumfunika kwa bilauri, kupitisha kadi chini yake na kumwinua, kazi ambayo mtu huihitaji kwake nyumbani; baadaye humgusa kwa ncha ya kalamu, na akaona kuwa buibui hukimbia upande ule usio na kalamu. Hakuna hatua inayochukuliwa kwa kushtukizwa, wala bila ya ruhusa yake mwenyewe. Na akiondoka huambiwa kuwa kazi haijesha: awatafute buibui wa nyumbani kwake, awafunike kwa bilauri, awatoe nje kwa mkono wake, asimwite mume wala mtoto kumfanyia.