Kutoka Baridi Yabisi hadi Fibromialjia: Historia ya Maumivu Yasiyoonekana

Hapa Buyenzi, mtu akiamka na mabega, kiuno na mapaja yanauma, bila homa na bila uvimbe wowote, wazee humwambia ana baridi yabisi. Hospitalini, ambako daktari amesomea udaktari kwa Kifaransa, huenda akaambiwa ana fibromialjia. Huenda pia akaambiwa hana kitu. Katika insha hii nafuata historia ya majina hayo mawili, kwani naona kila moja limebeba uamuzi kuhusu nani wa kuaminiwa, mgonjwa au kipimo.

Baridi yabisi ni maneno ya Kiarabu, yaani baridi na ukavu. Hayasemi habari za hali ya hewa. Ni mabaki ya nadharia ya tiba. Galen, tabibu Mgiriki wa karne ya 2, alifundisha kuwa afya hutegemea uwiano wa majimaji manne mwilini, na Ibn Sina (980–1037) akaipanga elimu hiyo katika kitabu chake cha Al-Qanun. Damu ina joto na unyevu, balghamu ina baridi na unyevu, safura ina joto na ukavu, na sauda ina baridi na ukavu. Kiswahili bado kinayo balghamu na safura, ingawa safura siku hizi ni ugonjwa unaoletwa na minyoo. Nadhani neno letu lilipanda njia ya misafara ya karne ya 19, Bagamoyo, Tabora hadi Ujiji, kisha likaja kwa mitumbwi kaskazini mwa Ziwa Tanganyika mpaka Usumbura, kama ulivyoitwa mji huu zamani. Nadharia ile ilikosea kuhusu majimaji. Hata hivyo haikumdai mgonjwa ushahidi. Akisema anaumwa, tabibu alianzia hapo.

Tiba ya Ulaya ya karne ya 20 ilitaka kuona. Mwaka 1904, daktari wa neva William Gowers wa London alitoa mhadhara kuhusu maumivu ya kiuno, akabuni jina fibrositisi, akiamini kwamba nyuzi za misuli zimevimba kwa ndani. Jina likaenea. Baadaye vipande vya misuli vilipochunguzwa kwa hadubini, uvimbe huo haukuonekana. Mgonjwa akabaki na maumivu yake, na jina lake la ugonjwa likiwa limepoteza maana.

Mwaka 1976 Mmarekani Philip Hench alipendekeza jina fibromialjia, ambalo husema tu kwamba nyuzi na misuli inauma. Kinachonivutia ni kwamba baba yake, ambaye pia ni Philip Hench, alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1950 kwa kazi ya kotisoni, dawa inayotuliza uvimbe wa viungo. Ugonjwa alioupa jina mwana hausikii dawa ya baba.

Katika miaka hiyohiyo, huko Toronto, Harvey Moldofsky na wenzake waliwalaza wanafunzi wa chuo wenye afya nzuri, na kila walipozama katika usingizi mzito waliwasumbua kwa sauti. Baada ya siku chache vijana hao walianza kulalamika kwamba misuli inauma. Nikisoma habari hii huwaza Bujumbura baada ya 1993, miaka ambayo watu wengi hapa walilala wakisikiliza risasi. Sidai kwamba vita vilileta fibromialjia. Jaribio dogo halithibitishi hilo. Nasema tu kwamba mwanahistoria akitafuta waliojeruhiwa atapata majina na makovu, lakini waliokosa usingizi miaka kadhaa hatawapata katika rejista yoyote.

Mwaka 1990 Chuo cha Marekani cha wataalamu wa baridi yabisi kiliweka masharti: maumivu yaliyoenea mwilini kwa miezi 3 au zaidi, na kati ya sehemu 18 zinazobonyezwa kwa kidole kwa nguvu ya kama kilo 4, angalau 11 ziume. Mwenye 10 je? Mwaka 2010 masharti mapya yaliacha kubonyeza. Sasa daktari huuliza ni wapi panauma, mgonjwa analalaje, anachoka kiasi gani, akili inatulia au la. Wengi hueleza leo kwamba hitilafu iko katika namna ubongo na neva zinavyokuza maumivu, si kwenye misuli yenyewe. Imechukua zaidi ya karne nzima kurudi kwenye kumuuliza mgonjwa.

Shangazi yangu, anayeuza vitenge sokoni, alipimwa malaria, damu na picha ya mifupa katika zahanati moja, vyote vikawa safi, akaambiwa ni mawazo tu. Alirudi nyumbani na aibu, jambo lililomuumiza kuliko kiuno. Daktari wa pili ndiye aliyemweleza. Mapendekezo ya wataalamu wa Ulaya ya mwaka 2017 yaliunga mkono kwa nguvu jambo moja tu, mazoezi. Dawa, kama amitriptilini kidogo usiku, zilipewa uzito mdogo zaidi. Basi shangazi hutembea alfajiri. Alianza na dakika 10, kwa sababu anayeanza kwa pupa kesho yake hainuki kitandani. Sasa ni nusu saa. Siku nyingine bado anaumwa, na siku hizo wifi yake humfungulia meza sokoni.