Mpapatiko wa moyo usiotulia: jinsi ya kuzipima njia za tiba

Mpapatiko wa atria ni hali ambayo vyumba viwili vya juu vya moyo hutetemeka ovyo badala ya kujikaza kwa mpangilio. Ukiendelea zaidi ya siku 7, madaktari huuhesabu kuwa sugu. Mgonjwa huweza kuhisi moyo ukienda mbio, uchovu au kukosa pumzi. Wengine hawahisi lolote, hadi wapimwe umeme wa moyo.

Kinga dhidi ya kiharusi

Hatari kubwa ni kiharusi. Damu inayotuama moyoni huweza kuganda, na donge likifika ubongoni huziba mshipa. Ndiyo maana wengi huandikiwa dawa za kuzuia damu kuganda. Aspirini haichukui nafasi yake.

Dawa mpya, kama vile rivaroksabani, hazihitaji vipimo vya mara kwa mara kama warfarini. Hata hivyo, katika ukanda wetu wapo wagonjwa wengi, aghalabu vijana, ambao vali zao za moyo ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi. Kwao hesabu ni nyingine. Utafiti wa INVICTUS, uliochapishwa mwaka 2022, ulifuatilia wagonjwa wa aina hiyo zaidi ya 4,500 katika nchi 24. Vifo vilikuwa vichache kwa waliotumia dawa za kundi la warfarini kuliko kwa waliotumia rivaroksabani. Kwa hiyo ni muhimu vali zichunguzwe kwa kipimo cha eko kabla ya dawa kuchaguliwa.

Warfarini nayo ina masharti. Kipimo cha INR kwa kawaida hutakiwa kiwe kati ya 2 na 3, na ulaji wa mboga za majani usibadilike ghafla. Kwa kuwa dawa hii huweza kudhuru mimba, mwanamke anayetarajia kuzaa amweleze daktari mapema.

Kupunguza kasi au kurudisha mpangilio

Njia ya kwanza huuacha mpapatiko na kupunguza kasi ya moyo kwa dawa kama bisoprololi au digoksini. Ni nafuu na hupatikana kwa urahisi zaidi.

Njia ya pili hurudisha mpangilio kwa amiodaroni, mshtuko wa umeme, au kuchoma sehemu ya moyo kwa katheta. Amiodaroni huweza kuathiri tezi ya thairoidi, ini na mapafu. Katheta huhitaji wataalamu na mitambo maalumu, na wengine hulazimika kurudia.

Mwaka 2002, utafiti wa AFFIRM haukuona kwamba kurudisha mpangilio hupunguza vifo. Ule wa EAST-AFNET 4, wa mwaka 2020, ulionyesha manufaa tiba hiyo ikianzishwa ndani ya mwaka mmoja tangu ugonjwa kugunduliwa. Muda, dalili na hali ya vali ndivyo huamua.

Tahadhari

Mapigo kurejea sawa si ruhusa ya kuacha dawa ya kuzuia damu kuganda. Uamuzi huo ni wa daktari. Uso ukipinda, mkono ukilegea au usemi ukivurugika ghafla, mgonjwa afikishwe hospitali mara moja.