Fimbo mbili za Wafini (Historia ya mazoezi, sehemu ya 3)

Mama zangu, na nyie akina baba mnaosoma kimya kimya, nawaona. Leo ni zamu ya fimbo.

Mliokaa Moshi mmewaona wageni wanaopanda Kilimanjaro, kila mmoja ameshika fimbo mbili. Hizo ni za mlimani, zinapunguzia magoti mzigo wakati wa kushuka. Mimi nasema ndugu zake: fimbo za kutembelea kwenye barabara tambarare kabisa, na mtu mzima wa afya. Wazungu wanaita Nordic Walking, na asili yake ni Ufini.

Wafini wana mchezo wao wa skii, yaani kuteleza juu ya theluji na mbao ndefu miguuni huku unajisukuma kwa fimbo mbili. Sasa theluji haipo mwaka mzima. Kiangazi wachezaji wakawa wanachukua zile fimbo peke yake, wanatembea na kupanda nazo vilima ili mikono na mapafu yasisahau kazi. Yalikuwa mambo ya mabingwa tu.

Ninayempenda kwenye historia hii ni mwalimu wa mazoezi, mama Leena Jääskeläinen. Mwaka 1966 alianza kuwatembeza wanafunzi wake kwa fimbo za skii. Yaani alichukua kitu cha mabingwa akawapa watoto wa shule! Baadaye, mwaka 1979, kocha Mauri Repo aliyaandika mazoezi hayo kwenye mafunzo ya skii. Mwishoni mwa miaka ya 1980 chama cha Suomen Latu, kinachohimiza watu kutoka nje wakatembee, kikaanza kuyapeleka kwa watu wa kawaida.

Watu walicheka. Mtu anapita mjini na fimbo, anaulizwa skii zako umezisahau wapi? Kicheko hicho nakijua. Wodini kwetu bibi anaambiwa atembee na fimbo asianguke, anakataa, "watasema nimezeeka." Anarudi kwetu amevunjika nyonga. Kwa hiyo waliokubali kuchekwa kule Ufini mimi nawaheshimu sana.

Mwaka 1997 kampuni ya Exel ikatoa fimbo maalum za kutembelea na kulitangaza hilo jina la Nordic Walking. Biashara ilikuwemo, tusidanganyane. Lakini fimbo zenyewe zilibadilika kweli: fupi kuliko za skii, ncha ina kiatu cha mpira kwa ajili ya lami, na mkanda unashika kiganja kama glavu. Mkanda huo ndio siri. Unasukuma ardhi kwa nyuma, kisha unafungua kiganja na fimbo haianguki. Hapo mabega, mgongo na tumbo vyote vinafanya kazi, siyo miguu peke yake. Mwaka 2000 ukaanzishwa umoja wa kimataifa, Helsinki.

Utafiti wa Cooper Institute, Marekani, uliotoka 2002, ulikuta watu wakitembea na fimbo mwili unatumia oksijeni zaidi kwa wastani wa asilimia 20 hivi, lakini wenyewe hawakuhisi wamechoka zaidi sana. Hapo ndipo nilipovutiwa mimi, maana mama mwenye mtoto mchanga ana nusu saa tu, na uchovu tayari anao.

Kipimo: zidisha urefu wako kwa 0.68. Wa sentimita 160 anahitaji fimbo ya kama sentimita 110. Mianzi miwili minyoofu itakupa sehemu ya kazi hiyo, ila bila mkanda usifungue kiganja, na ncha uifunge mpira isiteleze. Mguu wa kulia unaenda na mkono wa kushoto, kama unavyotembea siku zote.

Aliyejifungua kwa upasuaji asubiri ruhusa ya kliniki kwanza. Mwenye presha aendelee na dawa zake, fimbo si mbadala wa vidonge.

Zamu yangu inaanza usiku huu. Leteni maswali, nitajibu asubuhi.