Mungu wa upepo, si pepo

Mungu wa upepo (wingi: miungu wa upepo) ni yule ambaye katika visasili huaminika kuutuma upepo na kuuzuia, akaabudiwa kwa ajili hiyo. Wachina wanao kadhaa. Mashuhuri ni Fengbo, mzee mwenye mfuko wa upepo: akiuelekeza mdomo wa mfuko upande fulani, huko ndiko kunakovuma. Yupo Feng Popo, bibi kizee apitaye mawinguni juu ya simbamarara, na Feilian, mwenye mwili wa kulungu, kichwa cha ndege na mkia wa nyoka.

Mfasiri hushawishika kuandika “pepo”. Kisarufi hajakosea, kwani pepo ni wingi wa upepo. Tatizo ni matumizi. Mwambie mkazi wa Dallas, mtaa wa mjini Embu, kwamba Wachina waliabudu pepo, naye atafikiria mashetani ya kupungwa. Fengbo hapungwi. Zhouli, kitabu cha kale cha kaida za utawala, kinamwita Fengshi na kuagiza achomewe sadaka juu ya kuni, tena na maofisa wa dola.

“Mungu” nalo lina ugumu wake kandokando ya Mlima Kenya. Ngai wa Waembu, ambaye Wameru humwita pia Murungu, ni mmoja, na upepo na mvua vyote ni vyake. Wachina waligawa kazi: upepo kwa Fengbo, mvua kwa Yushi. Katika Shanhaijing, kitabu cha kale chenye visasili, Chiyou anawaita wawili hao wamshushie adui yake Huangdi tufani. Huangdi naye anamleta Ba, binti wa ukame, na mvua inakatika. Miungu wanaopigana na kushindana hivyo waandikwe kwa herufi ndogo, wasichanganywe na Mungu.

Majina nayo yana utamu wake. Feng ni upepo. Bo ni kaka mkubwa wa baba, na pia cheo cha mtawala. Kwetu huyo ni baba mkubwa, neno lenye undugu na heshima kwa pamoja. Popo ni nyanya. Wasomi wa enzi ya Han walimhusisha Fengbo na Ji, nyota nne zenye umbo la ungo, wakieleza kwamba ungo hupepeta na hivyo huita upepo. Anayepepeta maharagwe uani, pale Dallas, ataielewa hoja hiyo upesi: ungo juu, maganda yanapeperuka, punje zinaangukia gunia.

Pepo kwa maana ya wingi wa upepo ina mahali pake. Mifupa ya ramli ya enzi ya Shang, yenye umri wa zaidi ya miaka 3,000, inataja pepo za pande nne, kila mmoja kwa jina lake. Kiswahili nacho kilipata kaskazini na kusini kutokana na pepo za kaskazi na kusi. Wachina walizitolea pepo zao sadaka. Mabaharia wa pwani walizitwekea tanga.

Basi kwa jumla tuseme mungu wa upepo. Fengbo abaki Fengbo, kama mtaa ulivyobaki Dallas bila kutafsiriwa, na mara ya kwanza afuatwe na maelezo: Baba Mkubwa wa Upepo. Feng Popo awe Nyanya Upepo. Pepo tuiache kwa zile zinazovuma.