Stesheni kongwe ya Voi: Namna ya kuichunguza historia yake

Mnamo 2017, treni za reli mpya ya SGR zilipoanza kubeba abiria baina ya Mombasa na Nairobi, mji wa Voi katika Kaunti ya Taita Taveta ulipata stesheni mpya. Ile kongwe, ambayo mji ulikua kandokando yake kwa zaidi ya karne moja, ilipoteza wasafiri wake. Swali linalobaki ni nani ataiandika historia yake kabla ya wanaoikumbuka kutoweka.

Mtafiti wa stesheni kama hiyo hana budi kuanza na tarehe zisizo na utata. Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka wa 1896 chini ya mhandisi mkuu George Whitehouse. Mwishoni mwa 1897 reli ilikuwa imefika Voi. Ilifika Nairobi Mei 1899, na mnamo Desemba 1901 ikafika ufuoni mwa Ziwa Victoria, mahali panapoitwa Kisumu leo.

Pili, ni lazima afahamu majina ya waliowahi kuimiliki reli hiyo, kwani nyaraka huhifadhiwa kwa jina la mwenyewe. Jina la Reli ya Uganda lilidumu hadi 1926, ilipoitwa Reli ya Kenya na Uganda. Mnamo 1948 iliunganishwa na ile ya Tanganyika, likazaliwa Shirika la Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Reli na bandari zilitenganishwa mwaka wa 1969. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka wa 1977, Kenya iliunda shirika lake. Anayetafuta faili za Voi kwa jina moja tu huenda akadhani hakuna kilichoandikwa, ilhali amebisha mlango usio wake.

Mkanganyiko kama huo upo pia katika nyaraka zilizoko Uingereza. Hadi 1905, himaya ya Afrika Mashariki ilisimamiwa na Wizara ya Mashauri ya Kigeni, kisha ikakabidhiwa Wizara ya Makoloni. Barua kuhusu ujenzi wa reli zimo katika majalada ya wizara ya kwanza, na za baadaye katika majalada ya pili. Zote zimehifadhiwa Kew, jijini London.

Si lazima, hata hivyo, kuvuka bahari. Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka iliyoko Moi Avenue, Nairobi, ina ripoti za kila mwaka za maafisa wa wilaya. Gazeti Rasmi la Serikali, lililoanza kuchapishwa mwaka wa 1899, lilitangaza uteuzi wa maafisa na ugavi wa ardhi. Aidha, Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa Nairobi mwaka wa 1971, yamehifadhi picha, ramani na vyombo vilivyotumika njiani.

Vita Vikuu vya Kwanza viliipa Voi umuhimu usiotarajiwa. Majeshi ya Ujerumani yaliuteka mji wa Taveta mwaka wa 1914. Mwaka uliofuata, Waingereza walianza kujenga reli kutoka Voi kuelekea Maktau ili kubeba askari, silaha na hata maji katika nyika ile kavu. Taveta ilikombolewa Machi 1916, na mwaka huohuo njia hiyo ikaunganishwa na reli ya Wajerumani iliyotoka Tanga hadi Moshi. Stesheni ya kawaida ikawa makutano ya reli.

Vita hivyo viliacha makaburi Voi, Maktau na Taveta. Hapo ndipo mtafiti anapokumbana na pengo kubwa. Majina ya askari wa Kizungu yamechongwa kwenye mawe. Wapagazi Waafrika waliobeba mizigo ya jeshi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa, na aghalabu hawana kaburi linalojulikana. Mnamo 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu hao hawakukumbukwa kwa usawa.

Pengo hilo lilikuwapo tangu ujenzi wenyewe. Takriban vibarua 32,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walifariki. Hesabu hiyo inajulikana kwa sababu walikuwa na mikataba. Waafrika waliofyeka vichaka na kubeba vifaa hawakuandikwa kwa uangalifu huo. Mfano dhahiri ni simba wawili wa Tsavo, kituo kilichoko mbele ya Voi kwa anayeelekea Nairobi. J.H. Patterson, aliyewaua mwaka wa 1898, alitaja katika kitabu chake cha 1907 Wahindi 28 walioliwa, pamoja na Waafrika ambao hawakuhesabiwa rasmi. Baadaye alidai wahasiriwa walikuwa 135. Uchunguzi wa kisayansi wa 2009 uliopima nywele na mifupa ya simba hao ulikadiria watu 35 hivi. Takwimu iliyochapishwa, basi, si lazima iwe kweli. Sharti ilinganishwe na nyingine.

Kwa hiyo, masimulizi ya wazee si pambo la utafiti. Stesheni masta mstaafu, fundi wa injini, mama aliyewauzia abiria ndizi dirishani, wote wanajua mambo ambayo hayamo katika faili lolote. Masimulizi yao nayo yapimwe. Baadhi husema jina Voi limetokana na Kivoi, mfanyabiashara Mkamba. Kivoi aliyempokea mmishonari Krapf mwaka wa 1849 anajulikana katika maandishi, lakini wapo wanaosimulia habari za Kivoi aliyeishi karne nyingi kabla yake. Mtafiti mwadilifu huandika kila simulizi, humtaja msimulizi kwa idhini yake, kisha hulinganisha.

Ushauri wa mwisho unahusu utaratibu wa kazi. Wengi huanza maktabani na kuwaendea wazee baadaye. Ingefaa kinyume chake. Faili za 1915 zimengoja miaka mia moja na zaidi, na zitangoja tena. Mzee aliyepeperusha bendera ya kijani kuruhusu treni ya Taveta iondoke hana muda huo.