Bwana Msa na Wasomaji Waliovunjika Moyo

Katika mwaka wa 1973 reli iliyokuwa ikijengwa kutoka Dar es Salaam kwenda Kapiri Mposhi ilifika Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia. Mwaka uo huo kilitoka kitabu cha tatu cha hadithi za Bwana Msa, Duniani Kuna Watu, kilichotungwa na Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Mambo haya mawili hayakuhusiana kwa lolote, ila yafaa kuwekwa pamoja kwa sababu moja. Hadithi iliyozaliwa kisiwani ilikwisha kuwa mali ya wasomaji wa nchi nzima, hata wa nchi ya Wanyamwanga, Wanyiha na Wandali, ambayo tangu 2016 ndiyo Mkoa wa Songwe, na ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya shule, ya soko na ya ofisi kabla ya kuwa lugha ya nyumbani. Tena wasomaji walikuwa wakiongezeka upesi. Kwa hesabu za serikali, watu wazima wasiojua kusoma mwaka 1967 walikuwa yapata 67 katika kila 100. Mwaka 1975 walikuwa 39.

Wengi katika wasomaji hao wapya, basi, walimkuta Bwana Msa katikati ya safari yake, na lawama dhidi ya hadithi zake zapata maana zikitazamwa kutoka hapo. Lawama yenyewe yajulikana: kwamba kitabu cha kwanza ndicho kizuri, na kila kilichofuata kilimpunguza mpelelezi mpaka akawa mgeni katika hadithi iliyobeba sifa yake.

Ahadi iliyotolewa na kitabu cha kwanza ilikuwa kubwa. Mzimu wa Watu wa Kale kilipata zawadi ya kwanza katika mashindano ya 1957–58 ya East African Literature Bureau, kikapigwa chapa 1960. Mtungaji wake, aliyezaliwa 1918, alikuwa amefanya kazi ya afya, kisha uhariri wa magazeti ya Unguja, na tangu 1958 alikuwa mhariri wa gazeti la Mkulima huko Tanganyika. Bwana Msa (jina ni Musa, lililofupishwa kama midomo ya watu wa pwani inavyopenda) si polisi wala si askari kanzu. Ni muungwana mwenye kiko na rafiki wa kumsikiliza, Najum, na hapana haja ya kueleza kwamba Sherlock Holmes na Watson wamesimama nyuma yao. Lakini jambo ambalo Abdulla hakuliazima Uingereza ni mahali pa fumbo. Maiti imeonekana mzimuni, na hofu ya watu tayari imekwisha kutoa jawabu. Kazi ya Bwana Msa ni kuondoa hofu ile na kuonyesha mkono wa binadamu. Msomaji aliyefunga kitabu hicho alijua atakachodai katika kile kitakachofuata: maiti, shaka, akili, jawabu.

Kisima cha Giningi, 1968, bado kiliitumia hofu ya uchawi, kwani Giningi ni nchi ya wachawi katika masimulizi ya Waunguja. Baadaye mkondo uligeuka. Katika Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975) na Mwana wa Yungi Hulewa (1976), swali lililotawala si tena nani ameua, bali nani ni nani: mtoto wa nani, mume wa nani, mrithi wa nani. Yataka pia kuangalia hesabu ya miaka. Katika miaka kumi na mitatu ya kwanza vilitoka vitabu viwili. Katika minne iliyofuata, vinne. Haraka hiyo ina alama zake. Watu hukutana kwa sadfa mno, na siri ya nasaba hufichuliwa mwishoni kwa njia ambayo msomaji, hata angekuwa mwerevu namna gani, asingeweza kuifikia mwenyewe. Hapo mwenye kulalamika ana haki yake. Katika hadithi ya upelelezi msomaji naye ni mpelelezi, na anaponyimwa dalili huona amedhulumiwa.

Hata hivyo kusema kwamba Abdulla alichoka tu ni kurahisisha mno. Mjini Unguja, ambako nasaba, ndoa na urithi ndivyo vilivyokuwa vikipima cheo cha mtu, fumbo la ukoo ni zito kama fumbo la damu. Msomaji wa pwani hulisikia katika salamu na katika jina la mtu kabla ya mtungaji kusema neno. Msomaji wa Tunduma alipaswa kulitafuta katika lugha, na lugha yenyewe ni ile ya barazani, yenye mafumbo na mizaha, ambayo shule haikumfundisha. Sifa ambayo wataalamu wa Kiswahili humpa Abdulla kuliko zote, yaani utajiri wa maneno yake, ndiyo iliyokuwa ukuta kwa msomaji huyo. Pamoja na hayo, dunia ya hadithi hizo kwa sehemu kubwa ilibaki Unguja ya kabla ya Mapinduzi ya 1964. Mtu aliyeishi mpakani, penye mali na watu wavukao kila siku, aliyaona magendo na ujasusi kuwa karibu naye kuliko mirathi ya mwenye karafuu.

Mtu huyo alipata mahali pengine pa kwenda. Faraji Katalambulla alikwisha kutoa Simu ya Kifo mwaka 1965, kwa Kiswahili chepesi cha bara. Mwaka 1974 Elvis Musiba akamleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona, jasusi avukaye mipaka na asiyesumbuka na shangazi za mtu.

Wasomaji wa Kiingereza nao walipata kuvunjika moyo. Conan Doyle alimwua Holmes mwaka 1893, akalazimika kumfufua 1903. Naye mwenyewe alisimulia jinsi mwendesha mashua mmoja alivyomwambia kwamba Holmes, ijapokuwa hakufa kwa kuanguka kule, tangu siku ile hakuwa mtu yule yule tena. Tofauti ni kwamba Doyle alimchoka mtu wake na kumrudia bila mapenzi. Abdulla hakumchoka Bwana Msa. Alichoka na maiti.

Baada ya kimya cha miaka minane kilitoka Kosa la Bwana Msa, 1984. Jina hilo peke yake lagusa shina la lawama, kwani mjuzi aliyesadikiwa kuwa hakosei sasa anatajwa kwa kosa lake, na aliyelitia juu ya jalada ni mtungaji mwenyewe. Wakati huo Willy Gamba alikuwa na miaka kumi sokoni, na Joram Kiango wa Ben Mtobwa alikuwa akiinukia. Abdulla alifariki mwaka 1991, na kitabu hicho hakikufuatwa na kingine.