Zeta Beta Tau: walionyimwa mlango wakajenga nyumba yao

Ukipita kwenye chuo kikuu cha Marekani utaona nyumba kubwa zina herufi mbili tatu za Kigiriki ukutani. Ni nyumba za vyama vya udugu vya wanafunzi wa kiume. Mnakaa pamoja, mnakula pamoja, na mkimaliza chuo mnavutana kwenye kazi. Hapo kwenye kuvutana ndipo penye utamu, na ndiyo maana kufungiwa mlango kuliuma.

Mwishoni mwa karne ya 19 vingi vya vyama hivi havikumpokea Myahudi. Vingine viliandika hivyo kwenye kanuni zao. Vingine wala havikuhangaika kuandika, watu walielewana tu.

Tarehe 29 Desemba 1898, vijana wa Kiyahudi kutoka vyuo kadhaa vya New York walikutana katika Jewish Theological Seminary. Aliyewatia moyo ni Richard Gottheil, profesa wa lugha za Kisemiti pale Columbia. Ila yeye hakuwa anawaza nyumba wala karamu! Alikuwa kiongozi wa Wazayuni wa Marekani, yaani waliotaka Wayahudi wawe na nchi yao Palestina. Kikundi kikaitwa Z.B.T., herufi zilizotoka kwenye maneno ya Kiebrania ya kitabu cha nabii Isaya.

Vijana nao walikuwa na shida zao za kila siku chuoni. Kufikia 1903 herufi zilezile zikasomwa Kigiriki, Zeta Beta Tau. Uzayuni ukafifia, udugu ukabaki. (Kwa wapenzi wa isimu: Beta na Tau ni ndugu wa bet na tav za Kiebrania, maana alfabeti zote mbili zina asili ya Kifoinike. Kwa hiyo hawakwenda mbali sana.)

Mambo yakazidi kukaza. Mwaka 1922 Lowell, rais wa Harvard, alitaka hadharani idadi ya Wayahudi chuoni iwekewe kikomo. Wakati huo walikuwa kama 1 kati ya 5.

Sasa, kuna jambo ambalo binafsi naona ndilo zito zaidi. Waliofungiwa nje nao walikuwa na ngazi zao. Zeta Beta Tau ilionekana kuwa ya familia zenye asili ya Ujerumani, zilizotangulia kufika na kupata mali. Mtoto wa fundi cherehani aliyetoka Urusi juzijuzi alitazamwa kwa jicho lingine, na wengi wa aina yake wakaingia vyama vingine vya Kiyahudi. Kumbe mlango ni mlango tu, hata ukiujenga mwenyewe.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia vyuo vikaanza kubanwa kuhusu kanuni za ubaguzi. Zeta Beta Tau ingeweza kusema, sisi ndio tulioonewa, tuacheni. Haikusema hivyo. Mwaka 1954 iliondoa sharti la dini kwenye kanuni zake.

Ila uhuru una bei. Myahudi aliyeweza kuingia popote hakuwa na haja kubwa ya chama chake, na vyama vikaanza kumezana. Phi Alpha iliingia Phi Sigma Delta mwaka 1959, Kappa Nu ikaingia Phi Epsilon Pi mwaka 1961, na kufikia 1970 wote hao walikuwa ndani ya Zeta Beta Tau.

Mwaka 1989 ikafuta hata kipindi cha majaribio, kile ambacho wageni walisumbuliwa sana. Kwa mpango huo, aliyekubaliwa alihesabiwa ndugu bila kupitia kipindi hicho.